Nyumba Isiyo Kwenye Ramani

Asubuhi ile Handaru aliniita Bi Murtini, nikajua kuna kitu kimeharibika kati yetu.

Kwa miaka miwili na ushee alikuwa ananiita Mbak Mur, kama mtu anavyomwita dada yake, na siku akijisahau ananiita Mur tu, kisha masikio yanamwiva. Mimi nilimwita Mas Handaru mbele za watu, yaani kaka Handaru, na tukibaki wawili tukipanga kadi za watoto nilimwita Mas peke yake. Ni neno la heshima tu, hata muuza tofu nilimwita hivyo hivyo. Lakini kuna namna mwanamke wa miaka thelathini na saba hulitamka, na akina mama wa kitongoji chetu cha Ngelo waliijua namna hiyo kabla mimi mwenyewe sijajigundua.

Ilikuwa tarehe kumi, siku ya kupima watoto. Mizani yetu inaning'inia kwenye boriti ya baraza la ukumbi. Mtoto huvishwa suruali ya kitambaa yenye kamba, akatundikwa kama mkungu wa ndizi, akalia. Mimi ndiye mwenye mizani. Handaru alikaa mezani kando yangu, anaandika.

"Kilo tisa na gramu mia mbili," nikasema.

"Tisa na mia mbili. Asante, Bi Murtini."

Hakuinua uso. Nikamshusha mtoto, nikampa mama yake, nikamtundika mwingine. Mikono yangu ilifanya kazi yake kama kawaida. Moyo ndio uliokuwa hauko kazini.

Bi Painem, jirani yetu na mpishi wa uji wa choroko siku za kupima, alikuja na bakuli mkononi akanisogelea sikioni, ingawa sauti yake haijawahi kuwa ya sikio moja.

"Mmegombana?"

"Tugombanie nini, Bi Painem?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Mwanaume anaondoka leo jioni, na wewe umeng'ang'ania kupima watoto wa watu. Ungempima na yeye, angalau tujue anaondoka na kilo ngapi za moyo wako."

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka, maana kutocheka kungesema mengi zaidi. Handaru aligeuza ukurasa ambao haukuwa umejaa.

Mradi ulikuwa umeisha, hiyo ndiyo habari. Shirika lao lilimleta kwetu kupanga mambo ya afya na malezi, na sasa lilikuwa linampeleka kisiwa cha Sumba, mbali huko mashariki, akaanze upya. Basi lake lilikuwa linaondoka mjini Wonosari saa kumi na moja jioni. Nyuma yake aliacha mlonge kwenye kila ua, darasa la akina baba lililokutana kila Jumapili, na mzee Tukiran, baba wa watoto watano, aliyejifunza kuogesha mtoto kwa kutumia mwanasesere, akamwangusha mwanasesere mara tatu, na leo anawafundisha wenzake. Tulicheka sana miaka ile. Sijui kama nimewahi kucheka kiasi kile kabla yake.

Handaru alikuwa na tabia moja. Kila mkutano aliufungua kwa swali lile lile: "Nani hayupo?" Siku ya kwanza watu walimdhihaki. Tukiran alisema, "Asiyekuwepo anyooshe mkono." Lakini Handaru alisubiri, akanyamaza mpaka ukimya ukawa mzito, na mwanamke mmoja akasema polepole kwamba Suprapti hajaja kwa sababu mapacha wake wamekonda na anaona haya kuwatundika kwenye mizani mbele ya watu. Mchana ule ule tulikwenda kwake, mimi na Handaru, na mizani tukaibeba kwenye kapu. Tangu hapo nilimpenda. Naandika hivyo wazi kwa sababu nilichelewa mno kulisema.

Ni mimi niliyechora ramani ya kitongoji, kila nyumba kwa mkono wangu kwenye karatasi kubwa ya ukutani, na pini za rangi: nyekundu kwa mtoto aliyepungua uzito, njano kwa mjamzito, kijani kwa mtoto anayekua vizuri. Kila mwezi tulihamisha pini. Pini nyekundu ikigeuka kijani, Handaru alinipa mimi niichomeke, na vidole vyetu viligusana kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Watoto walipokwisha kupimwa, alisimama mbele ya ramani kwa mara ya mwisho.

"Leo nawakabidhi," alisema. "Nyumba sitini na tatu. Kabla sijaondoka, nauliza kama kawaida. Nani hayupo?"

Wanawake wakatazamana. Bi Painem akahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa. "Wote tupo, Mas. Hata mimba ya jana ipo."

Yeye hakucheka. Aliitazama ramani, akanitazama mimi, na mtazamo ule ulinipita mpaka mgongoni. Kisha akakunja karatasi zake.

Tulibaki wawili tukifungua kamba za mizani. Nilitaka aseme neno. Lolote. Hata kama angesema mvua ya mwaka huu imechelewa, ningelibeba nikaishi nalo.

"Bi Murtini," akasema, "hapa kati ya kwa Bi Painem na kisima, umeacha pengo. Ni uwanja?" Aliuliza kama mtu ambaye hajawahi kufika kwetu.

Nikatazama. "Hapana. Ni kwetu."

"Kwenu?"

"Nyumba yetu. Mimi na mama."

"Mbona haipo?"

Haki ya Mungu, sikuiacha makusudi. Miaka miwili ramani iliishi ukutani, nimeipangusa vumbi mara ngapi sijui, na sikuwahi kuona kwamba nyumba ninayolala haimo.

"Ramani ni ya familia," nikajibu. "Sisi hatuna mtoto wa kupimwa."

Taya lilimcheza kama la mtu anayemeza dawa chungu. "Sawa," akasema mwishowe. "Kila mtu anajua mahali anapotaka kuwa. Nimeshaelewa."

"Umeelewa nini, Mas?"

"Kwamba usiulizwe mara mbili." Akanipa ufunguo wa kabati, akainamisha kichwa kama wanavyoagana watu wa ofisini. "Nisamehe kama niliwahi kukusumbua. Ubaki salama."

Hakuwa ameniuliza hata mara moja. Ndivyo nilivyofikiri, nimesimama pale na suruali ya kitambaa mkononi, nikisikia pikipiki yake ikiteremka mlima mpaka ikapotea. Nikatamani kumkimbilia. Lakini mwanamke anakimbilia nini, wakati hajaitwa?

Na nyumbani nilikuwa nasubiriwa.

Siku ile ile, saa tisa alasiri, mdogo wangu wa mwisho Ning, aliyepanga chumba mjini, alikuwa anakuja kuniomba ruhusa ya kuolewa. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa hivi hivi. Akitaka kuolewa kabla yako lazima akuombe mbele ya ndugu, na wewe unataja zawadi ya kurukwa, kitu chochote unachokitaka. Unataja mara moja tu. Ukishataja, na mdogo akakubali, umemruhusu, na neno halirudishwi.

Mimi nilikuwa mzoefu. Yatno, anayenifuata, aliniruka kwa vitenge viwili vya batiki. Endah aliniruka kwa saa ya mkononi iliyosimama mwaka wa pili. Na kila aliporuka mmoja, nyumba yetu ilipungua sauti moja, tukabaki mimi na mama na redio yake. Mama ana miaka sabini na moja, na goti lake la kulia halikunjiki. Baba alipofariki, miaka kumi na minne iliyopita, hakuna aliyekaa akaamua kwamba mimi ndiye wa kubaki. Iliamuliwa tu, kama vile kiti kinavyoamuliwa kuwa cha mtu fulani kwa sababu amekikalia muda mrefu.

Mama hakumpenda Handaru. Tangu siku alipotuletea papai, alisema, "Mtu wa mradi ni wa mradi. Mradi ukiisha, naye kwisha." Leo mradi umeisha, na mama alikuwa sahihi.

Nilipofika, wageni walikuwa wameshakaa juu ya mkeka. Baba mkubwa Karyono, msemaji wa ukoo, amevaa kofia yake ya shughuli. Yatno na Endah wameketi ukutani. Ning katikati, na mchumba wake Sukoco, kijana wa kiwanda cha mikate, anatokwa jasho kama ndiye anayeokwa. Mama alikaa kwenye kiti chake cha mwanzi, maana mkekani haketi tena.

Ning akanijia kwa magoti, akashika mikono yangu miwili.

"Mbak," alisema, na machozi yalikuwa tayari, "naomba nipite mbele yako. Unisamehe. Sitaki kukuruka, lakini nimempata mtu."

"Umempata, mshike," nikamwambia. "Usilie, utaharibu wanja."

Baba mkubwa akakohoa. "Murtini, mwanangu. Mdogo wako ameomba kwa adabu. Taja unachokitaka, na sisi tuliopo ni mashahidi. Usione haya. Sukoco amejipanga."

"Cherehani, Mbak," Yatno akadakia kwa utani. "Ya umeme. Utashona nguo za arusi za wote tuliokuruka."

Wakacheka. Endah naye akasema, "Au simu mpya. Hiyo yako hata picha ya mtu mweusi inatoa nyeupe."

Niliwatazama. Nilikuwa nawapenda wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananiona. Kila mmoja alijua mahali nilipo kwa miaka kumi na minne kiasi kwamba hakuhitaji tena kutazama. Hata mimi nilikuwa nimejisahau kwenye ramani niliyoichora kwa mkono wangu. Handaru alikuwa ameondoka, sikuwa na wa kumkimbilia, na bado kitu ndani yangu kilikataa kutaja cherehani.

"Naomba zamu," nikasema.

"Saa?" Baba mkubwa akauliza, akiinamia mbele.

"Zamu, Baba mkubwa. Zamu ya kukaa na mama. Miezi minne kwa Yatno, miezi minne kwa Endah, miezi minne kwa Ning. Na kama mama hataki kutoka hapa, basi nyie ndio mje, mmoja mmoja, kwa zamu. Hiyo ndiyo zawadi yangu. Naomba kwa Ning, na naomba kwa nyinyi wawili pia, maana mlinipita kwa bei ndogo."

Redio ya jirani ilisikika hadi ndani.

"Na wewe zamu yako lini?" Endah akauliza.

"Mimi nimeshaimaliza. Imechukua miaka kumi na minne."

Yatno akanyanyuka nusu. "Mbak, unasema nini? Mama si mzigo wa kupokezana."

"Kama si mzigo, mbona hujawahi kuuomba?"

"Nina watoto wawili na chumba kimoja."

"Najua. Nimewapima watoto wako wote wawili."

Ning alikuwa amejifunika uso. Sukoco akamtazama Baba mkubwa kama mtu aliyepanda gari si lake. Na mama akashika mkono wa kiti, akainuka kwa goti lake bovu, akaenda jikoni.

Nikamfuata. Hakuna aliyethubutu kunizuia.

Alikuwa amesimama mbele ya jiko la kuni, anachochea moto ambao haukuwa na chungu juu yake.

"Kumbe nilikuwa nakuchosha," alisema, mgongo kwangu.

"Hapana, Mama. Wewe hujanichosha."

"Umenigawa mbele ya watu kama nyama ya sadaka."

"Nimechoka kuwa peke yangu, Mama. Tunakaa wawili, lakini mimi niko peke yangu. Narudi jioni nimeshika watoto thelathini wa watu, na mikono yangu inanuka maziwa mpaka usiku, na hakuna wa kumwambia. Wewe unaniuliza kama nimekumbuka chumvi. Sikulaumu. Lakini nitakuja kufa nimekumbuka chumvi tu."

Mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia kwa hasira. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtoto aliyevunja sahani.

"Alikuja," akasema.

"Nani?"

"Mtu wako. Ijumaa iliyopita, ulipokwenda wilayani kuchukua dawa za minyoo. Alivaa shati la mikono mirefu, joto lote lile. Akaketi chini, mimi nikiwa kwenye kiti. Akaniomba ruhusa akuulize. Akasema anakwenda Sumba, na kama wewe ungekubali angesubiri mpaka mimi nipate wa kukaa naye, hata mwaka. Na kama mimi ningetaka kwenda nanyi, angenibeba."

Nikashika kizingiti cha mlango. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nimeshakuuliza na umekataa. Kwamba uliapa hutaolewa, na akikuheshimu asikuulize, atakuumiza." Akaifuta pua kwa ncha ya kanga. "Alinishukuru, Mur. Nikamdanganya, na akanishukuru."

Usiulizwe mara mbili. Kila neno la asubuhi lilinirudia likiwa na maana yake. Bi Murtini. Kila mtu anajua mahali anapotaka kuwa. Na mimi nikamjibu kwamba ramani ni ya familia, sisi hatumo. Nilikuwa nimemthibitishia uongo wa mama kwa mdomo wangu.

Nilitaka kumpigia mama kelele. Kelele zilikuja mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, goti lile jingine halimbebi, na kijiti cha kuchochea moto bado amekishika.

"Kwa nini, Mama?"

"Baba yenu alipokufa wote walilia, kisha wakaenda zao. Wewe ulilia ukafua shuka zake. Nikajua huyu ni wangu." Akaniangalia. "Niliogopa jioni, Mur. Ndiyo hiyo tu. Naogopa ile saa ya jioni mtu anapofunga mlango na ndani hamna mwingine."

"Naijua saa hiyo," nikamwambia. "Naufunga mlango huo kila siku, na wewe uko ndani."

Tulisimama hivyo, wanawake wawili wenye ugonjwa mmoja waliolala chumba kimoja bila kuambiana. Kisha akakiweka kijiti chini, akajitanda kanga yake vizuri, akanipita. Nilisikia goti lake likiburuzika mpaka sebuleni, na mazungumzo yakakatika.

"Baba mkubwa," nikamsikia anasema, "mtoto ameomba zawadi yake. Kwa mila zetu, anapewa au hapewi?"

"Anapewa, shemeji. Lakini hii..."

"Basi amepewa. Naanza kwa nani?"

Halafu sauti ya Ning, nyembamba, imejaa machozi. "Kwangu, Mama. Chumba ni kidogo. Kitanda utachukua wewe."

"Sukoco atalala wapi?"

"Nitalala kiwandani, Mama," Sukoco akasema haraka. "Kuna joto zuri." Na mtu mmoja, nadhani Endah, akacheka huku analia.

Sikurudi sebuleni. Nilitoka mlango wa nyuma, nikasimama karibu na tangi la maji ya mvua, mahali panaposhika mtandao. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Simu yangu ile inayochekwa ilikuwa na chaji kidogo. Nikatafuta jina lake. Vidole ambavyo havijawahi kuangusha mtoto vilishindwa kubonyeza kitufe mara mbili.

Ikaita. Ikaita. Nikasema moyoni, asipopokea nitaelewa, mtu aliyekataliwa hana deni la kupokea simu. Ikaita mara ya sita.

"Bi Murtini?" Nyuma yake kulikuwa na muungurumo wa injini na mpiga debe anayetaja majina ya miji.

Sikujua nianzie wapi. Mama, Ijumaa, uongo, zamu, yote yalikuja kwa pamoja yakaziba. Nikashika lile moja nililoweza kulibeba.

"Mas," nikasema, "asubuhi uliuliza nani hayupo. Sikukujibu."

Alikuwa mtu wa kusubiri, siku zote.

"Ni mimi, Mas. Mimi ndiye sipo. Na sijawahi kukataa, kwa sababu sijawahi kuulizwa."

Injini ikanguruma zaidi, mlango wa basi ukapigwa kofi, mpiga debe akaita abiria wa mwisho. Nikafumba macho, simu nimeibana sikioni mpaka inauma. Nilimsikia Handaru akisogeza simu pembeni, na sauti yake, ya haraka, ya mtu ambaye masikio yamemwiva, ikimwambia kondakta: "Kaka, samahani. Nishushie begi langu."